Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mabonge ya Damu na Siasa ya Utafiti

Mwaka 2019 mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa na umri wa miaka 31. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imesinyaa kutokana na maradhi ya utotoni, mapigo yake hayakuwa na mpangilio, na kila jioni alimeza kidonge cha warfarini ili damu isigande ndani ya moyo. Dawa hiyo humlazimu mgonjwa apimwe damu mara kwa mara, naye kipimo hicho alikifuata kwa basi hadi hospitali ya mkoa, saa nne kwenda na saa nne kurudi. Daktari kijana, kwa nia njema kabisa, akamweleza kwamba ipo dawa mpya isiyohitaji kipimo hicho. Bei yake ilikuwa kubwa, lakini ukoo ungeweza kuchanga. Ndipo akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Wewe ni msomi, nisaidie. Hiyo dawa mpya imejaribiwa kwa watu wenye moyo kama wangu?"

Mimi si tabibu. Ninafundisha siasa ya maendeleo, na chochote nitakachosema hapa kisimfanye mgonjwa yeyote abadili dawa bila kuonana na daktari wake. Lakini kusoma ripoti ya utafiti ni kazi ninayoiweza, na swali lile nililiona jepesi. Nilitarajia kulijibu kabla ya kulala. Nilisoma usiku huo na usiku uliofuata, na jibu nililolipata lilinitia aibu kwa niaba ya taaluma nzima: hapana, watu wenye moyo kama wake walikuwa wamewekwa nje ya mlango.

Ndugu msomaji, ili tuelewane, nieleze kwanza maradhi yenyewe. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya bakteria. Asipotibiwa kwa penisilini, na hasa akirudiwa na ugonjwa huo mara kwa mara, kinga ya mwili wake inaweza kukosea adui na kuanza kushambulia viungo na moyo wake mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, ambayo baadhi yetu huiita homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo hupita, lakini kovu hubaki kwenye vali za moyo. Miaka ikipita, vali iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto husinyaa. Damu hukwama katika chumba cha juu, chumba hutanuka, mapigo hupoteza mpangilio, na damu hutuama kama maji ya bwawa. Damu inayotuama huganda. Bonge likishang'oka husafiri na mkondo: likifika ubongoni ni kiharusi, likifika mguuni, mguu hukosa damu na huweza kufa.

Haya ni maradhi ya chumba kimoja kinacholala watu saba, na ya zahanati isiyo na penisilini. Marekani na Ulaya zilikuwa nayo kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba zilipokuwa bora, msongamano ulipopungua na penisilini ilipopatikana, yalififia huko. Kwetu yamebaki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na kwamba unaua takriban watu 360,000 kila mwaka. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sasa tazama utafiti ulivyopita kando yao. Kati ya mwaka 2009 na 2013 yalichapishwa majaribio manne makubwa yaliyolinganisha dawa mpya za kuzuia damu kuganda na warfarini, kwa wagonjwa wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Majaribio hayo, RE-LY, ROCKET AF, ARISTOTLE na ENGAGE AF, yalihusisha watu 71,683 kwa jumla. Ni kazi kubwa, iliyofanywa kwa umakini, na imeokoa maisha ya wengi. Lakini yote manne yalimwacha nje mgonjwa ambaye vali yake imesinyaa kwa kiwango kikubwa. Yaani mtu ambaye bonge la damu lina hamu naye kuliko wengine wote hakuhesabiwa hata mmoja.

Wenye kuyatetea majaribio hayo wana hoja, nami siifichi. Walisema kwamba hatari ya mgonjwa huyo ni kubwa mno, kwamba tiba yake iliyokubalika ilikuwa warfarini, na kwamba kumchanganya na wengine kungetia ukungu matokeo. Sawa. Lakini hoja hiyo ingetosha kueleza kwa nini hakuwekwa katika jaribio hili au lile. Haielezi kwa nini hakutengenezewa lake mapema. Hilo lina maelezo rahisi zaidi: katika nchi ambako dawa mpya hununuliwa kwa bei ya kuleta faida, mgonjwa huyo ni nadra. Katika nchi ambako amejaa, hana fedha. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, na hakuna mahali ambapo methali hii inatekelezwa kwa ukamilifu kuliko katika daftari la utafiti wa tiba.

Ukimya huo haukukaa mtupu. Ulijazwa na dhana. Kwa kuwa dawa mpya ilikuwa imefanya vizuri kwa mzee wa London au Chicago, wapo walioamini kwamba lazima ingefanya vizuri kwa mwalimu wa wilayani. Tena ingemwondolea adha ya vipimo, na sisi ingetuondolea adha ya kujenga maabara. Dhana hii ilipendwa na kila mtu: mwenye kuuza dawa, mfadhili aliyechoka na maabara zetu, na mtendaji wa serikali aliyeona kwamba tatizo la vipimo lingejitatua lenyewe.

Hatimaye swali likaulizwa rasmi. Jaribio lililoitwa INVICTUS liliandikisha wagonjwa wa moyo wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Nusu walipewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya, na nusu wakapewa warfarini au dawa za jamii yake. Lililipiwa na kampuni ya Bayer, inayotengeneza rivaroksabani, jambo ambalo ni la haki kulitaja kwa sababu matokeo hayakuwa ya kuifurahisha. Yalichapishwa mwaka 2022. Kati ya wagonjwa 4,531 waliohesabiwa, waliopatwa na kiharusi, bonge la damu kuziba mshipa mwingine, shambulio la moyo, au kifo cha moyo na mishipa au kisichojulikana sababu, walikuwa 560 upande wa dawa mpya na 446 upande wa dawa ya zamani. Katika kutokwa damu nyingi, jambo ambalo warfarini imekuwa ikilaumiwa nalo siku zote, hapakuonekana tofauti ya maana.

Soma tena takwimu hizo. Dhana iliyopendwa na kila mtu ilikuwa kinyume cha ukweli. Tofauti ya watu 114 katika makundi mawili yanayokaribia kulingana ni watu wenye majina, wengi wao wanawake, maana wanawake walikuwa asilimia 72.3 ya washiriki. Na hawa ni wale waliokuwa ndani ya jaribio, wakitazamwa kwa karibu. Wale ambao katika miaka iliyotangulia walihamishiwa dawa mpya kwa kukisia tu, hakuna daftari lililowaandika.

Kuna jambo jingine ndani ya matokeo hayo ambalo mtendaji wa serikali anapaswa kulitafakari. Sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na vifo, vikiwemo vya ghafla na vya moyo kushindwa kazi. Haikutokana na viharusi peke yake. Mjadala kuhusu sababu bado unaendelea. Wapo wanaosema kwamba huenda kilichosaidia si kidonge tu: mtu anayetumia warfarini huitwa kupimwa, na anapoitwa huonana na mhudumu mara nyingi zaidi. Sisemi kwamba hilo limethibitishwa. Nasema kwamba kile tulichokiita adha, yaani mgonjwa kurudi kituoni na kuangaliwa, hatuna tena ruhusa ya kukidharau kabla hatujakichunguza.

Hapa ndipo ninapowageukia watu wetu wenyewe, maana kulaumu makampuni ya nje ni rahisi na hupigiwa makofi. Warfarini ni dawa ya kale. Asili yake ni uchunguzi wa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani ya klova yaliyooza. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu. Haina mwenye hakimiliki, na kidonge chake ni cha bei nafuu. Kinachogharimu ni kipimo, yule INR ambaye kila mgonjwa wa vali anamjua kwa jina kama anavyomjua jirani. Damu ikiwa nyepesi mno mgonjwa huvuja, ikiwa nzito mno huganda. Bila kipimo, kumpa mtu warfarini ni kumvusha barabara kuu akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Tulikwisha kuonywa kuhusu hilo. Marehemu Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa 3,343 wa moyo wa rumatiki katika hospitali 25, nyingi zikiwa katika nchi 12 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Utafiti huo uliitwa REMEDY. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28. Kati ya wale waliopaswa kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, asilimia 69.5 walikuwa wameandikiwa. Lakini kati ya hao walioandikiwa, waliokuwa na kipimo cha damu katika kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 28.3 tu. Dawa ilifika mdomoni mwa mgonjwa. Kilichokosekana ni mfumo wa kujua inamfanyia nini.

Mpwa wangu aliamua kubaki na warfarini. Mwaka 2021, alipofika hospitalini kama kawaida yake, aliambiwa maneno ambayo kila Mtanzania aliyewahi kushika foleni anayajua: mashine ipo, vitendanishi vimekwisha. Akarudi baada ya wiki tatu, vimekwisha. Akarudi tena. Kwa wiki kumi na moja dozi yake ilikuwa ya kukisia. Asubuhi moja, akiwa darasani, mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamkatika kinywani mbele ya watoto. Siwezi kuthibitisha kwamba kipimo kingezuia kiharusi kile, na sitaki kujifanya ninaweza. Ninachojua ni kwamba yeye alitimiza kila alichoagizwa, na upande wa pili haukutimiza chochote. Yu hai. Alikuwa akifundisha Kiswahili. Leo sentensi moja humchukua dakika nzima.

Nilipomlalamikia afisa mmoja ninayefahamiana naye, alinijibu kwa upole kwamba vitendanishi vya kipimo hicho huhudumia wagonjwa wachache, na kwamba bajeti ina vipaumbele. Sikumchukia, alisema kwa sauti yale ambayo wengine huyaandika kwenye majedwali. Lakini ni wachache kwa hesabu ya nani? Hatujawahesabu. Mgonjwa asiyehesabiwa hukosa fungu, na kwa kuwa hana fungu hafiki kituoni, na kwa kuwa hafiki kituoni haonekani kwenye hesabu ya mwakani. Ni hoja ileile ya majaribio manne ya nje, safari hii ikisemwa kwa Kiswahili.

Wapo watakaoniambia kwamba ninachanganya tiba na siasa. Mtu aliyelipa jina jambo hili hakuzitenganisha. Mjerumani Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840, ndiye aliyeonyesha kwamba bonge linaloziba mshipa wa pafu laweza kuwa limetoka mbali, kwenye mishipa ya mguu, likasafiri. Neno embolia, ambalo madaktari duniani kote hulitumia hadi leo kwa bonge linalosafiri, ni lake. Mwaka 1848 mtu huyohuyo alitumwa na serikali ya Prussia kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi huko Silesia ya Juu. Alirudi na ripoti iliyowakera waliomtuma, kwa sababu aliuona mzizi wa ugonjwa katika njaa, ujinga na utawala mbovu, na dawa aliyoipendekeza ilikuwa elimu, uhuru na ustawi wa watu. Kwake yeye, kufuata bonge kutoka mguuni hadi kwenye pafu na kufuata homa kutoka kitandani hadi ikulu ilikuwa kazi moja: kutafuta mahali ambapo jambo lilianzia.

Wengine watasema utafiti ni anasa ya matajiri. Nawaelekeza Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko watafiti wa Taasisi ya Moyo ya Uganda, akiwemo Dkt. Emmy Okello, pamoja na washirika wao wa nje, waliwafuatilia watoto 818 waliogunduliwa kwa kipimo cha picha ya moyo kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huu. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na kundi la pili halikuchomwa. Walioendelea kuharibika vali walikuwa 3 katika kundi la sindano na 33 katika kundi jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Dawa yenyewe ni ya katikati ya karne iliyopita. Swali lilikuwa jepesi, watoto walikuwapo, sindano ilikuwapo. Kilichosubiriwa kwa miongo mingi ni mtu wa kuuliza. Na hata alipopatikana, fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje.

Aibu hiyo ni yetu. Mwaka 2001 mjini Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Mwaka 2006 mjini Khartoum Umoja wa Afrika ulikubaliana kuwa kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mahususi kuhusu homa ya rumatiki na ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Saini tunazo za kutosha. Vyuo vyetu, na changu kikiwamo, vimezoea kusubiri tangazo la mfadhili ndipo vijue ni swali gani la kuuliza. Tunawafundisha vijana kuandika maombi ya fedha kabla hawajafundishwa kukasirika juu ya jambo lolote.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na yote yanawezekana kwa uwezo tulio nao.

Kwanza, kipimo cha INR kishuke hadi hospitali ya wilaya, na pale penye wagonjwa hadi kituo cha afya. Zipo mashine ndogo zinazopima kwa tone la damu ya kidole, mfano wa zile za kisukari, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kuzitumia. Vitendanishi vyake viwekwe katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuisha, na vikiisha, awepo mtu anayewajibika kwa jina na cheo.

Pili, iwepo daftari ya taifa ya wagonjwa wa moyo wa rumatiki, na penisilini ipatikane katika kila zahanati, ili mtoto mwenye maumivu ya koo atibiwe kabla hajawa mgonjwa wa moyo.

Tatu, utafiti wowote unaoomba kibali katika nchi zetu uulizwe: nani ameachwa nje, na jibu lake litapatikana lini? Hapa nawataja wajawazito. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo, nazo dawa mpya hazipendekezwi kwao. Mwanamke kijana mwenye vali ya bandia anayetaka kuzaa huingia katika njia ngumu kuliko mgonjwa mwingine yeyote niliyemtaja, na bado wajawazito ndio watu wa kwanza kuondolewa katika karibu kila jaribio. Sababu inayotolewa ni kuwalinda. Wanalindwa dhidi ya utafiti, kisha wanaachwa wajaribiwe mmojammoja, kila mmoja wodini kwake, pasipo na anayeandika.

Matokeo ya mwaka 2022 nilimpelekea mpwa wangu nyumbani kwao, nikamsomea kwa Kiswahili, nikamwambia kwamba swali lake la mwaka 2019 lilikuwa sahihi kuliko majibu ya wengi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha, taratibu sana, akaniuliza kama vitendanishi vimeshafika.

Ewe mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma unayesoma hapa, sikuombi umhurumie. Nenda hospitali ya wilaya yako wiki hii, uliza kipimo cha INR kilifanyika mara ya mwisho lini na kwa wagonjwa wangapi, kisha uniandikie. Tuanze kuhesabu.